Shimizi na Baraza la Wazee: Dhidi ya Uhakiki Usioiona Brashi

Mojawapo ya mazoea yaliyokita mizizi katika uhakiki, uwe wa fasihi au wa uchoraji, ni lile la kuiuliza kazi ya sanaa jina na ukoo wake kabla ya kuitazama. Mhakiki huanza kwa kutaka kujua ni nani anayesemwa, kisa ni kipi, na mtunzi alikuwa katika hali gani mwaka ule. Akishapata majibu, huona kwamba amemaliza. Kinachobaki, yaani namna kazi yenyewe ilivyotendwa, hupewa aya mbili za mwisho chini ya kichwa cha "fani", kama mgeni aliyechelewa arusini akapewa kiti karibu na mlango. Makala haya yanayapinga mazoea hayo. Yanafanya hivyo kwa kuichunguza picha moja tu, picha ambayo imeteswa na uhakiki wa aina hiyo kwa muda mrefu, na ambayo inabeba juu ya uso wake ushahidi wa kutosha wa kuukanusha.

Picha yenyewe ilichorwa na Rembrandt van Rijn mjini Amsterdam mwaka 1654, kwa rangi ya mafuta juu ya ubao wa mwaloni. Si kubwa: kimo chake ni sentimita 61.8 na upana wake sentimita 47, kiasi ambacho mtu angeweza kuichukua kwapani. Iliingia katika National Gallery ya London mwaka 1831 kwa wasia wa kasisi William Holwell Carr, nayo iko huko hadi leo. Inamwonyesha mwanamke aliyeingia kijitoni. Maji hayajamfika magotini. Amelipandisha shimizi lake jeupe hadi mapajani ili lisilowe, naye ameinamisha uso kutazama majini anapokanyaga, huku tabasamu likiwa limeanza midomoni bila kukamilika. Nyuma yake, ukingoni, limeachwa vazi zito la rangi nyekundu na dhahabu. Kwingine kote ni giza la kahawia. Hakuna mtu mwingine pichani, hakuna mnyama, hakuna nyumba, hakuna tukio.

Ni utupu huo wa tukio ndio unaowasumbua wahakiki. Mtu aliyezoea kuchimba kisa hawezi kuvumilia picha isiyokuwa nacho, kwa hiyo hukileta mwenyewe kutoka nje. Kambi ya kwanza inasema kwamba mwanamke huyu ni Hendrickje Stoffels, aliyekuwa akiishi na mchoraji, na kwamba picha ni ukurasa wa shajara ya mapenzi. Kambi ya pili inaelekeza kidole kwenye lile vazi la thamani na kudai kwamba mtumishi wa nyumbani hakuwa na vazi kama hilo. Basi lazima awe Bathsheba wa Agano la Kale, au Susana, au Diana wa Warumi. Kambi zote mbili hubishana kwa ukali, lakini zina imani moja: kwamba jina likipatikana, picha itakuwa imeelezwa. Jumba lenyewe linaitaja picha kuwa ya mwanamke anayeoga kijitoni, kisha linaliweka jina la Hendrickje pamoja na alama ya kuuliza. Alama hiyo ya kuuliza ni ya busara kuliko vitabu kadhaa.

Habari za Hendrickje si uzushi. Saskia, mke wa Rembrandt, alifariki mwaka 1642 akimwacha mtoto Titus ambaye hakuwa ametimiza mwaka mmoja. Wasia wake ulikuwa na sharti kwamba mume akioa tena angepoteza haki yake juu ya mali aliyoachiwa. Hendrickje aliingia katika nyumba ile kama mtumishi mwishoni mwa miaka ya 1640, na baadaye akawa mwenzi wa mchoraji bila ya ndoa. Mwaka 1654 aliitwa mbele ya baraza la wazee wa Kanisa la Reformed mjini Amsterdam, akashtakiwa kwamba anaishi na mchoraji yule katika uzinifu. Alikiri. Akakaripiwa, akatakiwa kutubu, akazuiwa kuikaribia Meza ya Bwana. Mnamo Oktoba mwaka huo huo binti yao Cornelia alibatizwa. Haya yote yamo katika kumbukumbu za mji na za kanisa, na hakuna sababu ya kuyaficha wala ya kuyaonea haya.

Lakini ni nini anachokifanya mhakiki anayesimama mbele ya picha ile na kuuliza: Je, ndiye Hendrickje? Alikuwa mjamzito wakati ule? Aliishi vipi na mwenye nyumba? Anarudia, neno kwa neno, maswali ya baraza la wazee. Tofauti ni kwamba wazee waliuliza ili wahukumu, naye anauliza ili aandike makala. Wote wawili wamemgeuza mwanamke kuwa kesi. Aidha, hakuna hata picha moja ya Rembrandt ambayo hati ya wakati ule inathibitisha kuwa ni ya Hendrickje. Katika kumbukumbu za baraza kuna jina bila uso, na katika ubao wa National Gallery kuna uso bila jina. Kuviunganisha viwili hivyo huenda kukawa sahihi. Hata hivyo, hata ukiwa sahihi, muungano huo hausemi lolote kuhusu sababu inayoifanya picha hii isimame peke yake miongoni mwa picha nyingi za wanawake waogao zilizochorwa Ulaya katika karne za 16 na 17. Wapenzi wa wachoraji walichorwa kwa wingi. Wengi wao wanakaa katika picha zao wakiwa wamekauka kama nguo iliyoanikwa juani siku mbili.

Sababu iko katika brashi, na hapo ndipo jicho linapopaswa kuanzia.

Shimizi limepigwa kwa rangi nyeupe nzito, iliyochukuliwa kwa wingi na brashi pana na kuburutwa bila kusitasita. Mkokoto wa brashi unafuata mwelekeo wa kitambaa: unashuka pale kitambaa kinaposhuka, unapinda pale kinapokunjwa mkononi. Mifereji iliyoachwa na nywele za brashi haikulainishwa. Imebaki wazi juu ya uso wa picha, na mwanga wa chumba unapoipiga, kingo zake hung'aa zenyewe, hata weupe wa shimizi ukawa umetokana kwa kiasi na rangi na kwa kiasi na umbo la rangi. Nyeupe mbichi imepita juu ya kijivu kibichi, zikachanganyika papo hapo pasipo kusubiriana kukauka. Kwa upande mwingine, katika kivuli kilicho chini ya upindo, mchoraji hakupaka karibu chochote. Aliiacha ile rangi ya msingi ya kahawia, iliyotangulia kupakwa ubaoni kabla ya picha kuanza, ifanye kazi ya kivuli. Mahali penye uvuli mkubwa zaidi ndipo penye rangi haba zaidi.

Ngozi haikutendewa hivyo. Uso, kifua na miguu vimejengwa kwa uangalifu zaidi, rangi ikipanda polepole kutoka kwenye giza hadi kwenye joto. Maji nayo yamefanywa kwa rangi nyepesi na nyeusi-nyeusi, iliyotandazwa kwa wororo, ndani yake miguu ikirudisha kivuli chake. Kisha kuna mkono. Mhakiki mwenye haraka hupita hapa bila kuona, na mwenye bidii hupita akinung'unika, kwani mkono mmoja unaoshika shimizi umepigwa kwa mikokoto michache tu, bila ya kuvitenga vidole sawasawa. Wako waliousema mkono huo kuwa haukumalizwa. Lakini inafaa kuulizwa: ni nani anayemhesabia vidole mtu anayeishi naye? Mgeni ndiye hukaguliwa hivyo. Mtu wa nyumbani huonekana kwa jinsi anavyokwenda, kwa mwinamo wa shingo, kwa namna anavyokamata nguo asilowe. Vidole vyake vipo bila ya kuangaliwa. Brashi iliyouacha mkono ule katika hali ya ishara tu imetazama kwa jicho la mazoea, na jicho la mazoea ndilo ukaribu wenyewe. Ukaribu huo hauhitaji cheti cha ndoa wala hati ya baraza ili uthibitike. Unaonekana kwenye nusu ya kiganja.

Isitoshe, kasi ya brashi ni kasi ya tendo. Mwanamke anapiga hatua asiyoijua kina. Kitambaa kinashikwa kwa muda mfupi, kitaachiliwa baada ya dakika moja. Brashi haikukaa juu ya kitambaa hicho zaidi ya muda ambao yeye mwenyewe angekishika. Laiti shimizi lingelainishwa mkunjo kwa mkunjo, kama walivyofanya wachoraji wa Leiden waliomfuata Gerrit Dou (ambaye, kwa kinaya, alikuwa mwanafunzi wa Rembrandt), kitambaa kingekuwa kizuri sana, na mwanamke angelazimika kusimama majini wiki tatu.

Ubishi kuhusu "kumaliza" si mpya. Gerard de Lairesse, ambaye katika ujana wake aliuvutiwa mtindo wa Rembrandt, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1707 akiwaonya wachoraji dhidi ya kuiacha rangi itiririke juu ya picha kama uchafu. Arnold Houbraken, akiandika mwaka 1718, alilalamika juu ya picha zilizoachwa nusu, kisha akasimulia kwamba Rembrandt alikuwa akijibu kuwa picha imekwisha pale mchoraji anapokuwa ametimiza alilolikusudia. Picha ya kijitoni ina sahihi na mwaka: Rembrandt, 1654. Mchoraji aliyeweka sahihi ametamka hukumu yake, na mhakiki anayetaka kuipinga hukumu hiyo ana jukumu la kuonyesha ni kipi kingeongezeka kama vile vidole vingechorwa. Wasomaji wa fasihi ya Kiswahili wameushuhudia mgogoro wa jamaa na huu. Euphrase Kezilahabi alipochapisha Kichomi mwaka 1974, walikuwako waliouona ushairi usio na vina na mizani kuwa ni ushairi usiomalizika, kazi ya mtu aliyeshindwa au mvivu. Hapo pia kipimo kilitolewa nje ya kazi, kikawekwa juu yake kama rula.

Kuna hoja ya tatu, nzito kuliko zile za kambi mbili za mwanzo, nayo haiwezi kupuuzwa. Inadai kwamba kuzungumzia "ukaribu" katika picha kama hii ni kuupamba uchunguliaji. Mwanamke amepandisha nguo, hajui kwamba anatazamwa, aliyemchora ni mwanamume, na ikiwa kweli ni Hendrickje, basi aliyemchora ndiye aliyekuwa bwana wa nyumba alimofanya kazi. Umbuji wa brashi, kwa mujibu wa hoja hii, ni pazia tu.

Hoja hii ina ukweli ndani yake, na makala haya hayana nia ya kumtakasa Rembrandt. Mwaka 1650, mwanamke mwingine aliyewahi kuishi naye, Geertje Dircx, alifungiwa katika nyumba ya adabu mjini Gouda, na mchoraji alikuwa na mkono wake katika jambo hilo. Lakini hoja yenyewe ina kasoro ile ile ya zile inazozipinga: nayo haikuitazama brashi. Ingeitazama, ingeona kwamba pale ambapo jicho la mchunguliaji lingetaka kupewa zaidi, yaani katika uvuli wa mapajani, mchoraji ametoa giza lisilo na umbo. Na pale ambapo mchunguliaji asingejali, yaani kwenye kitambaa, ametoa utajiri wote wa mkono wake. Zaidi ya hayo, picha inamkataa anayeisogelea. Akiwa hatua mbili au tatu mbali, mtazamaji humwona mwanamke, maji na baridi ya maji. Akisogea hadi pua ikaribie ubao, mwanamke hutoweka, na kinachobaki ni mikokoto ya nyeupe na kahawia. Houbraken anasimulia pia kwamba Rembrandt aliwazuia watu kuzikaribia mno picha zake, akiwatania kuwa harufu ya rangi ingewadhuru. Anayechungulia hutaka kusogea. Hapa kusogea hakumpi chochote ila rangi.

Ulinganisho na kazi nyingine za Rembrandt unalidhihirisha jambo hili. Alimchora Susana mwaka 1636, na tena katika picha iliyotiwa mwaka 1647, ambayo iko Berlin. Katika ile ya Berlin wazee wawili wamo ndani ya picha, mmoja wao amekwisha kuikamata nguo ya Susana, na Susana anamgeukia mtazamaji kana kwamba anauliza, nawe je? Mwaka ule ule wa 1654 alimchora Bathsheba, picha kubwa iliyoko Louvre mjini Paris: ameshika barua ya mfalme, kikongwe anamhudumia miguu, na macho yake yamezama katika uamuzi ambao hakupewa nafasi ya kuukataa. Katika picha hizo mwanamke yuko chini ya jicho la mwenye mamlaka, na mchoraji anaionyesha mamlaka hiyo na uzito wake. Katika picha ya kijitoni wazee wametolewa. Barua imetolewa. Mfalme hayuko juu ya dari. Ilichorwa katika mwaka ambao, ikiwa mwanamke huyu ni yule anayedhaniwa, wazee halisi walikuwa wakimwita na kumhoji. Mhakiki anayemrudishia Bathsheba jina lake, akidhani anaitajirisha picha, kwa kweli anawarudisha wazee kijitoni.

Itaulizwa kwa nini suala hili liletwe katika jarida la uhakiki wa fasihi. Jibu ni kwamba madhara yake yanaonekana humu zaidi kuliko kwingineko. Chukua mfano wa Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858 na Mwana Kupona binti Mshamu kwa ajili ya bintiye. Kazi hiyo imegeuzwa shahidi wa kesi. Upande mmoja huiita hati ya utumwa wa mwanamke wa pwani. Upande mwingine huiona hekima ya kumwezesha mke kuimiliki nyumba yake kwa werevu. Pande zote mbili hunukuu mawaidha na kuyapanga katika orodha, mithili ya wazee wakiandika kumbukumbu za kikao. Ni wachache wanaosimama mlangoni mwa utendi wenyewe, pale mama mgonjwa anapomwita binti asogee, aje na wino na karatasi, kwa kuwa ana neno moyoni la kumwambia. Kila kinachofuata kinasemwa kwa umbali huo, umbali wa kitanda na mkeka. Mizani mifupi ya utendi, vina vya ndani vya kila ubeti, na kina cha mwisho kinachorudi tena na tena, vinaifanya sauti ishuke na kutua kama ya mtu anayevuta pumzi baada ya kila ubeti. Anayetoa wasia kwa sauti hiyo hasemi kitu kile kile ambacho kingesemwa na kadhi kwa maneno hayo hayo. Kuitenga sauti na wasia, kisha kuujadili wasia peke yake, ni kumhoji mwanamke ambaye hayumo katika utendi.

Mtenganisho wa fani na maudhui, ambao umekuwa ngazi ya kupandia mtihani tangu shule za upili hadi vyuo vikuu, ulianza kama msaada wa kufundishia na ukaishia kuwa imani. Wanaoutetea husema kwamba ni wa muda tu, kwamba mwanafunzi atavitenga viwili hivyo kisha atavirudisha pamoja. Hoja hiyo ingekubalika kama kuna mahali ambapo urudishaji huo hufanyika. Tasnifu nyingi za uzamili zina sura ya maudhui yenye kurasa arobaini, na sura ya fani ambayo ni hesabu: tashbihi kadhaa, takriri kadhaa, tashihisi moja. Hesabu hiyo ndiyo ile ya vidole vya mkono wa kijitoni. Wala uzembe si wa wanafunzi. Wanaandika walichofundishwa kuandika.

Zamani palikuwa na udhuru. Mwanafunzi wa Nairobi au Eldoret aliijua picha kama hii, ikiwa aliijua, kutoka katika kitabu kilichochapishwa kwa rangi zilizofifia, ambamo mifereji ya brashi ilikuwa imebanwa ikawa bapa, na ubao wa sentimita 61.8 umekuwa kisanduku cha vidole vinne. Mtu hawezi kuusoma mkono asioweza kuuona. Siku hizi National Gallery imeiweka picha hiyo katika intaneti kwa namna inayomwezesha mtazamaji kuikuza hadi aone mkokoto mmoja mmoja wa shimizi, ingawa uzito wa rangi unapopigwa na mwanga haupatikani kwenye kioo cha kompyuta. Udhuru umepungua. Mwalimu wa semina anaweza kuitandaza ukutani, akaficha jina, akaficha mwaka, akaficha habari za baraza, na kuwataka wanafunzi waeleze kwa saa moja nzima jinsi kitambaa kilivyoshikwa. Kumbukumbu za mwaka 1654 zinaweza kutolewa saa ya pili, kwa wale watakaokuwa bado wanazihitaji.